Mgeni Wetu Darasani, Mpweke Kwenye Kimbweta

Anayepita Mlimani, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jioni za wiki za mitihani huwakuta wanachuo wamejaa kwenye vimbweta, zile meza na mabenchi ya zege yaliyotapakaa chini ya miti, wakibishana juu ya swali la mtihani wa mwaka juzi. Mhadhara wa asubuhi ulitolewa kwa Kiingereza, slaidi zake ni za Kiingereza na majibu yataandikwa kwa Kiingereza. Kwenye kimbweta somo lile lile hutafunwa upya kwa Kiswahili. Hapo ndipo nadharia iliyowashinda asubuhi inapoeleweka, ndipo inapojulikana mhadhiri gani hupenda kuuliza nini, ndipo madaftari yanapopita mkono kwa mkono. Mwanafunzi aliyetoka Malawi, Nigeria au Norway alikuwapo kwenye mhadhara, na jina lake limo katika hesabu ya wanafunzi wa kigeni ambayo chuo hujivunia. Kwenye kimbweta hayupo. Na akiwapo, hukaa pembeni akisubiri mtu akumbuke kumfasiria, na mabishano yanapopamba moto hakuna anayekumbuka. Hakufukuzwa na mtu. Ameachwa nje bila yeyote kukusudia, na kwa kuwa hakuna aliyekusudia, hakuna anayeona kuwa ni kazi yake kumwingiza ndani.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa, maana vyuo vikuu vyetu vimeingia katika mbio za kuitwa vya kimataifa. Mipango mkakati inatenga sura nzima kwa ushirikiano na nchi za nje, na vyuo vikubwa vina ofisi maalumu za kushughulikia hati za makubaliano. Mbio zenyewe zina sababu zinazoeleweka. Kampuni ya QS ya Uingereza, ambayo orodha yake ya ubora wa vyuo husomwa duniani kote, hutoa asilimia 5 ya alama kwa uwiano wa wanafunzi wa kigeni na asilimia 5 nyingine kwa uwiano wa wahadhiri wa kigeni. Wanafunzi wanaosoma nje ya nchi zao duniani wamezidi milioni 6, na kila nchi inatamani kupata fungu lake. Lakini alama hizo hazimtofautishi mgeni aliyepata marafiki, walimu na fikra mpya na mgeni aliyemaliza miaka mitatu akiwa na watu wa nchi yake katika korido moja. Wote wawili huhesabiwa sawasawa. Hoja yangu ni kwamba chuo huwa cha kimataifa kwa namna kinavyopanga maisha ya kila siku ya watu wake: nani analala chumba kimoja na nani, nani anafanya kazi ya kundi na nani, lugha gani inafungua milango gani, na nani anahesabiwa kuwa ana jambo la kuwafundisha wenzake. Mambo hayo yakiachwa yajipange yenyewe, watu hujitenga. Na chuo kilichoshindwa kuyapanga kwa ajili ya wenyeji wake hakitayaweza kwa wageni.

Afrika Mashariki haianzii sifuri katika hili. Kuanzia 1963 hadi 1970 ilikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja kwa nchi zote tatu, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wake. Fani ziligawanywa. Aliyetaka udaktari wa binadamu alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, ambako masomo ya sheria yalianza 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kabla ya chuo kuhamia mlimani 1964. Mgawanyo ule ulikusudiwa kubana matumizi; hakuna aliyeupanga uwe somo la tamaduni. Hata hivyo ulileta hali ambayo leo tungeilipia wataalamu washauri fedha nyingi. Mkenya aliyesomea sheria Dar es Salaam hakuwa mgeni mwalikwa. Alikuwa mwenye nyumba, kwa sababu chuo kilikuwa chake kama kilivyokuwa cha kijana wa Songea. Yoweri Museveni aliingia Dar es Salaam 1967, na mwaka huo huo akawa mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi wa mapinduzi ya Afrika, uliojulikana kwa kifupi kama USARF, ambao wanachama wake walitoka nchi kadhaa. Walter Rodney alitoka Guyana akafundisha historia pale pale Mlimani, na kitabu chake kilichomfanya ajulikane dunia nzima, juu ya jinsi Ulaya ilivyodumaza Afrika, kilitoka 1972 akiwa bado anafundisha Dar es Salaam. Mjini kulikuwa na makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) na ofisi za vyama vya wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji ikiwamo, ambayo ilizaliwa katika jiji hilo hilo 1962. Watu wa mataifa mbalimbali walikutana kwa sababu walikuwa na kazi ya kufanya pamoja.

Msomaji makini atasema ule ulikuwa ulimwengu mwingine. Wanafunzi walikuwa wachache, serikali iliwalipia, na waliomaliza walijua ajira inawangoja. Ni kweli, na sipendekezi turudi huko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam leo kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na hata hosteli mpya zilizofunguliwa 2017 zenye nafasi 3,840 hazikuwatosha wote. Tunachoweza kuchukua kutoka enzi ile ni sababu iliyofanya mchanganyiko uzae matunda, na sababu hiyo imechunguzwa vizuri. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport wa Harvard aliandika kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana, dhana mbaya baina yao hupungua iwapo masharti manne yametimia: wawe na hadhi sawa katika mkutano huo, wawe na lengo moja, washirikiane badala ya kushindana, na wenye mamlaka waonyeshe wazi kuwa wanaunga mkono. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 juu ya suala hilo kutoka nchi nyingi. Katika asilimia 94 ya tafiti hizo, kukutana kuliandamana na kupungua kwa chuki, na palipotimia masharti ya Allport, chuki ilipungua zaidi. Waswahili wana methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, na Mwalimu aliitumia 1962 katika andiko lake juu ya ujamaa kueleza wajibu wa kila mtu kufanya kazi. Kwangu methali hiyo ina maana ya pili. Jembe halimtoi mgeni jasho tu, linamwondolea ugeni. Anayelima shamba moja nawe hawezi kubaki mtu wa kutazamwa. Ofisi zetu za kimataifa ni hodari wa siku mbili za kwanza: basi la kwenda kumpokea uwanja wa ndege, mkoba wenye nembo, ziara ya Bagamoyo. Siku ya tatu hakuna mwenye jembe.

Ushahidi wa karibu zaidi umetoka kusini mwa bara hili. Wachumi Lucia Corno, Eliana La Ferrara na Justine Burns walifuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliopangiwa wenzao wa chumbani bila kuchagua. Wazungu waliopangwa na mwenzao wa rangi nyingine walipunguza dhana potofu walizokuwa nazo juu ya Weusi, na urafiki wa kuvuka rangi uliongezeka. Wanafunzi Weusi waliolala chumba cha mchanganyiko walipata matokeo bora zaidi ya masomo na waliendelea na chuo kwa wingi zaidi. Hapo hapakuwa na semina, tamasha la mavazi wala siku ya vyakula vya kimataifa. Palikuwa na orodha ya vyumba iliyoandaliwa ofisini. Nchi yenye historia ya ubaguzi kama Afrika Kusini imeonyesha kuwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani inaweza kufanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuiweza.

Sasa tugeukie nyumbani, maana nimedai kwamba chuo kisichoweza wenyeji hakitaweza wageni. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha Busia ya Kenya magharibi na Meatu ya Tanzania. Busia, sehemu zilizochanganyika makabila zilichangia shule zao kidogo kuliko zile zenye kabila moja. Meatu, mchanganyiko wa makabila haukupunguza michango. Wanakijiji wa pande zote mbili walifanana kwa umaskini na kwa mchanganyiko wa makabila. Kilichowatenganisha ni sera ya miongo mingi, yaani Kiswahili kama lugha ya taifa, mitaala iliyofundisha utaifa, na serikali iliyokataa siasa za kabila. Watanzania hupenda kuzungumzia umoja wao kana kwamba waliukuta umeota wenyewe kama mbuyu. Ulipandwa. Vijana walipangiwa shule za sekondari mbali na kwao, wakapitishwa Jeshi la Kujenga Taifa, wakalala bweni moja na watu ambao lugha zao hawakuzijua.

Kenya imejifunza somo hilo kwa uchungu zaidi. Baada ya machafuko ya uchaguzi, sheria ya mwaka 2008 ya uwiano na utangamano wa kitaifa iliagiza kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Tume iliyoundwa na sheria hiyo ilikagua vyuo vikuu vya umma ikatoa ripoti 2012, na ikakuta vyuo vingi vimevuka mpaka huo, mara nyingi kwa faida ya jamii ya eneo ambalo chuo kimejengwa au ya anayekiongoza. Mwaka 2016 mjini Eldoret, wanasiasa waliingia barabarani kupinga uteuzi wa kaimu makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Moi kwa hoja kwamba wadhifa huo ulistahili mtu wa pale. Hebu tufikiri. Ikiwa profesa Mkenya anaonekana mgeni katika chuo cha umma cha Kenya, mwanafunzi wa Juba ataambiwa nini? Wala Watanzania wasitazame hayo kwa kujipongeza. Kusema daima kwamba kwetu hakuna ukabila kunaweza kuizoesha ofisi kutotazama kabisa. Msabato anayepangiwa mtihani Jumamosi, Mwislamu ambaye kipindi chake cha lazima kiko saa ya swala ya Ijumaa, kijana wa Kimasai anayechekwa matamshi, mwanafunzi asiyesikia asiye na mkalimani: hawa wote ni uanuwai, na hawakuhitaji pasipoti kufika.

Kiswahili ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika mjadala huu, na ndicho tunachokitumia vibaya kuliko vyote. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia 2022, Somalia 2024, na wakuu wa nchi walikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kifaransa, sambamba na Kiingereza. Chukua darasa moja la Dar es Salaam au Kampala lenye kijana wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa, wa Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa pia, wa Kigali aliyesoma kwa Kiingereza tangu Rwanda ilipobadili lugha ya kufundishia 2008, wa Mombasa, na wa Kigoma aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Lugha ya pekee ambayo watano hao wanaweza kutaniana kwayo bila kutafuta maneno ni Kiswahili. Ni maeneo machache duniani yaliyopewa zawadi kama hiyo. Lakini tazama kinachotokea kijana wa Bukavu anapofungua mdomo na kusema “niko nasoma”. Wenyeji wanacheka. Anaambiwa Kiswahili chake kibovu, na kuanzia siku hiyo anachagua kunyamaza au kurudi kwenye Kifaransa na Wakongo wenzake. Waliocheka hawakujua kwamba Kiswahili wanachokiita sahihi kilipatikana kwa uamuzi wa kiutawala: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi 1930. Kiunguja kilichaguliwa, hakikushushwa kutoka mbinguni. Kiswahili cha Lubumbashi na Bukavu kina historia yake ya misafara, migodi na masoko, na kina mamilioni ya wasemaji. Mwanafunzi wa isimu anayekicheka kimempita kitu ambacho angeweza kukiandikia tasnifu.

Kwa hiyo nasema chuo cha Tanzania kinachopokea mgeni wa kozi ndefu kimpe Kiswahili kwanza, muhula mzima, kihesabiwe katika alama zake, na kifundishwe na watu wanaojua kukifundisha kwa wageni. Watu hao wapo. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vimefundisha wageni kwa miaka mingi. Pamoja na hayo, wenyeji nao wafundishwe kusikiliza Kiswahili kisicho chao bila kucheka, jambo ambalo kwa maoni yangu ni gumu zaidi. Najua pingamizi lililo tayari: wageni wanakuja kwetu kwa sababu tunafundisha kwa Kiingereza, na tukiwawekea Kiswahili mlangoni watakwenda kwingine. Wanaosema hivyo wasahau Kiingereza kwa dakika moja na wawakumbuke wazee wetu. Watanzania waliopelekwa Moscow, katika chuo kilichoanzishwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba, walianza kwa mwaka wa Kirusi kabla ya kugusa fani zao. Waliokwenda Ujerumani Mashariki walianzia Leipzig wakijifunza Kijerumani. Hadi leo anayepata ufadhili wa serikali ya China kusoma shahada ya kwanza kwa Kichina hutumia mwaka mzima kujifunza lugha kwanza. Wazee wale walirudi wakiwa wahandisi na madaktari, na wengi wao wanaongea lugha hizo mpaka uzeeni, wakiwa na marafiki kule. Hakuna aliyeuona mwaka ule kuwa kikwazo cha ukimataifa. Ndio uliowafanya wa kimataifa.

Upande wa pili tuna Uholanzi, ambayo vyuo vyake vilifuata njia ya Kiingereza kwa bidii kuliko karibu nchi zote za bara la Ulaya. Wageni walikuja kwa wingi. Mwaka 2023 waziri wa elimu wa nchi hiyo alitangaza mswada wa kurudisha nafasi ya Kiholanzi katika shahada za kwanza na kudhibiti idadi ya wageni, baada ya malalamiko juu ya uhaba wa nyumba, madarasa yaliyofurika, na wahitimu wengi wanaoondoka bila kuijua lugha ya nchi. Sifurahii wimbi la kuwafungia wageni milango. Lina hatari zake. Ila linaonyesha kuwa mgeni ambaye jamii haikuzungumza naye ni rahisi kugeuzwa lawama siku mambo yanapokuwa magumu. Kiingereza kibaki darasani kwa wanaokihitaji. Simwondolei mtu Kiingereza. Ninachodai ni kwamba maisha nje ya darasa nayo yana lugha, na kumnyima mgeni lugha hiyo kisha kumwita mwenzetu ni kumdanganya.

Liko pingamizi zito zaidi, na limenifanya nipunguze baadhi ya madai yangu. Mtu akisema tuwachanganye wanafunzi vyumbani kwa orodha, mwingine atauliza: kwa haki gani? Mwanafunzi wa Sudan aliyekimbia vita vya Aprili 2023, kama wale wa udaktari wa Khartoum waliopokewa Rwanda na Tanzania wamalizie masomo yao, anahitaji usiku mmoja wa kuongea Kiarabu na watu waliopitia aliyoyapitia. Msichana aliyelelewa kwa staha fulani hapaswi kugeuzwa mtihani wa uvumilivu wa wengine. Walio wachache huchoka kuwa wao ndio wa kueleza kila kitu kila siku. Nakubaliana na hayo yote. Vyama vya wanafunzi vya nchi, dini na maeneo visipigwe marufuku. Ni mahali pa kupumzikia, na mtu aliyepumzika ndiye huwa na nguvu ya kukutana na wengine. Orodha ya vyumba iwe na mlango wa kuomba kubadilishiwa kwa sababu ya msingi. Lakini mlango huo uwe wa kuombwa, usiwe ndio utaratibu. Sasa hivi utaratibu wa vyuo vingi ni kwamba kila mtu ajitafutie mwenzake au awekwe jengo la wageni, na jengo la wageni, hata likiwa zuri lenye maji ya moto na intaneti, ni njia ya uhakika ya kumfanya mtu amalize shahada bila kuwajua wenyeji. Wenyeji nao huliangalia jengo lile kwa jicho la husuda, maana wao wanabebana wawili kitanda kimoja.

Darasani, jembe liko mkononi mwa mhadhiri. Kazi ya kundi ikitolewa kwa tamko la “jipangeni watano watano”, makundi hutoka kama yalivyokaa: waliosoma sekondari moja pamoja, Wakenya pamoja, wageni waliobaki pamoja. Mhadhiri akiyapanga mwenyewe, na akatoa swali ambalo haliwezi kujibiwa bila kila mmoja kuchangia anachokijua, mambo hubadilika. Swali la umiliki wa ardhi linalolinganisha Rwanda na Tanzania humfanya Mnyarwanda awe wa lazima katika kundi. Swali la biashara ya mpakani linalohitaji nyaraka za Kifaransa humfanya Mkongo aliyechekwa wiki iliyopita aombwe msaada. Hapo ndipo hadhi sawa ya Allport inapotoka vitabuni. Hili linahusu mitaala pia. Mwaka 1968 pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai idara ya Kiingereza ifutwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati na nyingine zitazamwe kutoka hapo. Swali lao la nani yuko katikati bado halijajibiwa katika vitivo vya biashara, ambako mwanafunzi wa Mbeya na wa Juba hukaa bega kwa bega wakijifunza mifano ya kampuni za Marekani tu, bila kuulizwa soko la kwao linaendeshwaje. Dar es Salaam ina chombo tayari: somo la Taaluma za Maendeleo, ambalo tangu miaka ya 1970 limesomwa na wanafunzi wa fani zote. Lingeweza kubeba kazi hii kesho bila kuanzisha idara mpya wala kuomba mfadhili.

Nalisisitiza darasa la nyumbani kwa sababu ya hesabu rahisi. Wanafunzi wetu walio wengi hawatapanda ndege kwenda kusoma nje hata muhula mmoja. Bengt Nilsson, aliyekabidhiwa shughuli za kimataifa katika chuo kipya cha Malmö, Sweden, kilichofunguliwa 1998, alilikuta tatizo hilo hilo katika nchi tajiri: chuo kichanga kisicho na mtandao wa kubadilishana wanafunzi, ndani ya mji uliojaa wahamiaji. Aliacha kuwasubiri wanafunzi wasafiri, akaugeukia mji wenyewe uwe shule ya tamaduni. Dar es Salaam, Mombasa na Kampala zina utajiri huo mara kumi. Kuna Wahindi wa vizazi vingi, Wayemeni, Wakomoro, Wasomali, Wakongo wa Kariakoo na Wachina wenye maduka. Na sasa vyuo vya nje vyenyewe vimehamia kwetu. Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua tawi Zanzibar 2023, la kwanza la taasisi hizo nje ya India, na Carnegie Mellon ya Marekani iko Kigali kwa zaidi ya miaka kumi. Katika matawi ya namna hiyo, mwenyeji anaweza kujikuta mgeni katika kisiwa chake mwenyewe, na masharti niliyoyataja yanayahusu matawi hayo vilevile.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Atakayedai kwamba haya yote ni ya vyuo vyenye fedha aangalie upya orodha yangu: kupanga vyumba kwa orodha, kupanga makundi kwa orodha, kubadili maswali ya kazi za nyumbani, kusogeza mtihani kutoka Jumamosi. Kiswahili cha muhula mzima kinagharimu, ni kweli, lakini wageni wanaotoka nje ya Jumuiya kwa kawaida hulipa ada kubwa kuliko wenyeji, tena kwa dola. Sehemu ya dola hizo irudi kwao. Hesabu ya fedha ni ngumu zaidi kwa majirani, ambao Jumuiya imekubaliana kimsingi walipe ada sawa na wenyeji. Mei 2017 wakuu wa nchi walilitangaza eneo lote kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala limepewa kazi ya kulisimamia. Mwanafunzi wa Bujumbura anayezungushwa dirisha hadi dirisha kutafuta kibali cha kuishi na ulinganisho wa cheti chake haioni jumuiya hiyo. Baraza lingeanzia hapo, kisha lingeviuliza vyuo swali moja ambalo QS haiulizi: wanafunzi wenu wa kigeni wangapi wanalala chumba kimoja na mwenyeji?

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vya Tanzania huanza kati ya Oktoba na Novemba. Orodha za vyumba na ratiba za mwaka wa kwanza huandaliwa wiki chache kabla ya hapo, na wanaoziandaa ni watu wanaofahamika kwa majina na ofisi. Nawaomba wakuu wa vyuo wazisome mara hii kabla hazijabandikwa.